Simu Safi kwa Mkurugenzi

Jumamosi, 1 Machi

Nimenunua simu mpya. Ya zamani ina miaka sita na ufa pembeni, lakini mimi mzima nimo ndani yake: majina mia mbili na kumi na nne, ujumbe, picha, na rekodi kumi na moja za hotuba yangu ya shukrani. Hotuba ni ya siku nitakapotangazwa mkuu wa masjala. Mkuu wa zamani alistaafu Januari, kiti kiko wazi. Tunaokitaka ni wawili: mimi, na karani mwenzangu ninayemwita Kupe, kwa sababu habanduki mlangoni kwa mkurugenzi. Mkurugenzi atatangaza Ijumaa.

Mchana wote nimehamisha majina kwa njia yangu mwenyewe. Nafungua ukurasa kwenye simu ya zamani, naupiga picha kwa simu mpya. Mtandao hauhusiki, mwizi haambulii kitu. Picha arobaini! Nyingi zina dole gumba langu. Mke wangu alipita, akatazama, akauliza kama nikitaka kumpigia mtu nitabonyeza picha. Hapo nilikuwa bado sijafika.

Jumapili, 2 Machi

Mke wangu ni muuguzi, na maagizo huyaandika kana kwamba anamwandikia mgonjwa mkaidi. Kaniachia karatasi mezani. Unganisha simu mbili kwa waya. Hamisha. Hakikisha kila kitu kimefika. Toa laini. Ifute ile ya zamani. Ndipo umpe mtu. Chini kapiga mistari miwili: usiruke hatua.

Sikuruka. Nimeunganisha waya, nikakaa karibu saa mbili nikiutazama mstari ukitambaa. Majina yote yamefika pamoja na lakabu zake. Hapa najipongeza. Simhifadhi mtu kwa jina lake halisi. Simu ikiibwa, mwizi atajuaje nani ni nani? Mhasibu ni Jiwe. Mke wangu ni Mahakama ya Rufaa. Mkurugenzi ni Kikohozi, maana hukohoa mara mbili kabla ya kumgombeza mtu, na ofisi nzima hukaa wima.

Kisha nikaifuta simu ya zamani. Nimetumia spiriti na pamba za mke wangu. Mbele, nyuma, ubavuni. Hata tundu la chaji nimelipitia kwa kijiti cha meno. Nimefuta mara tatu, kwa usalama. Inang'aa kama sahani ya mgeni.

Jumatatu, 3 Machi

Bahati! Simu ya mkurugenzi imetumbukia kwenye sinki la msalani. Fundi ameomba wiki nzima. Kupe alikuwa wa kwanza kufika kutoa pole, na saa nne alikuwa bado anaitoa. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawakusema anapata cheo.

Mimi niliingia na bahasha. Ndani: simu yangu ya zamani na chaji yake. Neno la siri nimeliondoa kabisa, mama mkurugenzi asisumbuke. Nikamwambia atie laini yake, aitumie kwa muda wowote. Akaipokea, akaigeuzageuza, akauliza kama nimeshaifuta. Nikamwambia nimeifuta kwa mikono yangu miwili, akitaka anuse. Akanitazama kidogo. Akasema asante.

Kupe amenuna hadi jioni. Nimerekodi hotuba mara ya kumi na mbili, kwenye simu mpya.

Jumatano, 5 Machi

Kikao cha ofisi, watu tisa mezani. Simu yangu mbele ya mkurugenzi, kioo juu, inang'aa. Niliona fahari. Ikaita. Mkurugenzi akasoma kioo, akauliza nani hapa anamfahamu mtu aitwaye Jiwe. Akapokea. Alikuwa mhasibu, akipiga kutoka benki kusema foleni ni ndefu.

Nikashangaa. Majina yamebakije kule? Si nimeyahamisha? Mtu akihamisha kabati, kabati halibaki nyumba ya zamani.

Mkurugenzi akamwomba Kupe ampigie, ajaribu kitu. Kupe akapiga kwa furaha. Mkurugenzi akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, lile jina. Watu wote wakamgeukia mwenye simu sikioni. Alikuwa bado anatabasamu.

Kisha akauliza, kwa upole, yeye mwenyewe ameandikwa nani. Nikasema sikumbuki. Akasema si neno, atatafuta. Akaukuta ujumbe wake wa Desemba wa kunikumbusha ripoti, na juu yake jina. Akakohoa mara mbili. Safari hii nadhani alijisikia akikohoa.

Niliogopa.

Nyumbani mke wangu akauliza niliifutaje. Nikamwonyesha chupa. Akavuta kiti, akakaa. Akaeleza kwamba kufuta simu ni kuondoa vilivyomo, na hufanywa humo humo ndani, kwenye mipangilio. Basi angeandika hivyo! Akasema akimwandikia mgonjwa anywe dawa, haongezi kwamba ni kwa mdomo. Pia anataka spiriti yake.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango: kuingia kwa mkurugenzi akiwa msalani, kufika kwenye mipangilio, kufuta. Mke wangu amenifundisha. Dakika tatu zinatosha.

Saa tano mkurugenzi akatoka. Nikachukua jalada lolote, nikaenda. Kupe yuko mlangoni. Nikamwambia anaitwa mapokezi. Akasema mapokezi wamwite wenyewe. Nikamwambia chai imefika. Akasema ameacha chai. Tukasimama pale, mimi na jalada langu, mpaka mkurugenzi akarudi na kutukuta wote wawili. Akaniambia niingie, alikuwa akinitafuta.

Amezipata rekodi. Ameniwekea ya tisa, ambayo ndiyo nzuri. Humo namshukuru yeye kwa kuona mbali, namshukuru mama yangu, kisha natangaza kazi yangu ya kwanza nikiwa mkuu: kumpeleka Kupe kwenye chumba cha majalada ya kale, chini ya ngazi, ambako hakuna dirisha. Mkurugenzi alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kwa nini dakika ya nne pana ukimya. Nikasema pale nililia. Akaandika kitu. Akasema wazo la kile chumba si baya hata kidogo.

Nimetoka na matumaini. Wazo langu limepokelewa!

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu mpya wa masjala ni Kupe. Mimi napelekwa chini ya ngazi kuanzia Jumatatu. Barua inasema uhamisho huu umefanywa kulingana na mapendekezo yangu mwenyewe.

Kupe ametoa hotuba ya shukrani. Sentensi mbili, bila maandalizi yoyote. Walimpigia makofi. Imeniuma. Miaka kumi na moja nimekitazama kile kiti. Nilijua hata mguu wake gani unacheza.

Mkurugenzi amenirudishia simu kwenye bahasha ile ile. Amenunua yake.

Jumanne, 11 Machi

Chumba si kibaya. Kuna taa. Nimepata muda wa kutafakari, na kosa nimeliona. Kosa lilikuwa lakabu. Lakabu inasomeka. Kuanzia leo kila mtu kwenye simu yangu ni namba tu, na mwizi aje.

Orodha ya nani ni namba gani niliiandika kwenye simu ya zamani. Kisha nikaifuta simu hiyo, safari hii kwenye mipangilio, hatua kwa hatua. Mke wangu amenisifu. Ameongeza kwamba kitu chochote cha maana lazima kiwe na nakala mahali pengine. Cha maana nilicho nacho ni shajara hii. Basi nimepiga picha kurasa zote, bila dole gumba, nikamtumia kaka yangu anihifadhie.

Kaka ni Saba, mkurugenzi ni Nane. Au Nane ndiye kaka. Hapana, ni Saba, nina hakika ya kutosha.

Saba amefungua zote papo hapo. Amesoma. Sasa anaandika, na bado anaandika, jibu refu kabisa. Kaka hajawahi kunijali namna hii.