Mzee Video na Mchezo Wake

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, amekuja. Ni mwalimu, haketi kabla ya kukagua. Akasema televisheni ya dada yake inakula vumbi tu hapa, Jumamosi ataichukua. Nikasema haiwezekani, ina kazi: nafungua chumba cha michezo ya video. Uongo ulitoka wenyewe! Sina hata gemu. Lakini mbele ya kioo cha televisheni hiyo mke wangu alikuwa akimwitikia mtangazaji. Akiambiwa habari za jioni, anajibu nzuri, na kumuuliza za kwake.

Jumanne, 4 Machi
Kinyozi jirani ana gemu ya mbio za magari, ya kuwatuliza wateja wanaosubiri zamu. Nimembembeleza hadi akachoka. Ataniazima Jumamosi. Nikaandika ubao kwa herufi kubwa: MCHEZO WA VIDEO, JUMAMOSI JIONI, KARIBUNI NYOTE. Umependeza. Nimejipongeza peke yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Shemeji kanikuta kwa kinyozi, kaniuliza mbele za watu: haya shemeji, wewe bingwa, video maana yake nini? Nikasema ni jina la aliyeivumbua. Mzee Video. Alicheka hadi akashika ukuta. Akaeleza kwamba ni neno la Kilatini, maana yake “naona”. Gemu ikaitwa ya video kwa sababu picha yake huonyeshwa kwenye kioo cha televisheni. Nikasema ndiyo, na mzee mwenyewe alikuwa Mlatini. Kwa nini sikunyamaza? Kinyozi kaninyoa upande mmoja, akaweka mkasi chini, acheke vizuri.

Jumamosi, 8 Machi
Wamekuja akina mama, na vigoda vyao, wamejipamba. Ubao umesema mchezo; wao wamekuja kutazama mchezo wa kuigiza. Wa mume, mke na mawifi! Nikawasha. Gari jekundu likazunguka. Likazunguka tena. Mama mmoja akauliza, mwenye gari ana mke? Mwingine: mbona hasemi? Uso ukaniwaka. Shemeji yuko mlangoni na kamba ya kufungia televisheni. Nikajikuta nasema mke yumo ndani, anasikiliza redio. Akiambiwa madereva wawe waangalifu, anajibu tumesikia baba, wewe umeshakula? Wakacheka. Gari likagonga ukuta. Wakapiga yowe: mke kafa? Machozi yakanitoka, mbele za watu! Shemeji akaketi sakafuni. Akasema taratibu, ndivyo dada yangu alivyokuwa. Televisheni ibaki, shemeji.

Jumapili, 9 Machi
Nimeapa asubuhi: sidanganyi tena. Mchana shemeji kaja kuomba ile redio ndogo ya dada yake, awe na kumbukumbu. Ombi la haki kabisa. Nikaona neno limeandikwa ubavuni mwa redio: stereo. Nikamwambia haiwezekani, ina kazi, Jumatano nafungua darasa la stereo. Akauliza, kwa upole, stereo ni nini. Nikamwambia ni mji.