Meno ya Kuiaga Sanda Nyeusi

Jumatatu, 3 Machi
Msiba! Sanda Nyeusi wanavunja bendi. Albamu ya mwisho inatoka Ijumaa. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nao, tangu nikiwa na nywele. Nimempa mke wangu habari kwa upole. Akauliza kama ndio wale wa muziki wa metali wanaolia kama mlango usiotiwa mafuta. Nimemsamehe.
Nimeamua: Jumamosi saa kumi alasiri, sebuleni kwetu, mashabiki wote tutaisikiliza pamoja. Mimi nitahutubia. Nani mwingine?

Jumanne, 4 Machi
Popo ndiye mwingine! Popo ni yule jamaa wa duka la rangi. Jina kajipa mwenyewe, eti kwa sababu ya koti lake refu jeusi. Shabiki wa juzi tu, kawasikiliza miaka kumi na tisa. Ametangaza kwenye kundi letu la simu (tuko saba) kwamba ana hotuba ya kurasa nne. Wakamsifia!
Nimewajibu kwamba nitakuja na kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Sasa nikitafute hicho kitu.

Jumatano, 5 Machi
Nimekipata. Kazi yangu ni kutengeneza meno bandia kwenye kliniki. Popo ana koti? Mimi nitakuwa na chonge! Mbili, ndefu, za kunyonya damu, kama za yule bibi wa jalada la albamu ya tatu. Mchana nimejipima taya, nikamwaga plasta, nikachonga nta. Kazi safi mno. Daktari, bosi wangu, akaingia akauliza mgonjwa ni nani. Nikamwambia ni mzee mmoja mwenye mahitaji maalumu. Si uongo. Kwa Popo mimi ni mzee.

Ijumaa, 7 Machi
Imetoka. Sijaisikiliza, shabiki wa kweli hadokoi. Hukumu lakini nimeshaiandika: kazi bora kuliko zote. Miaka ishirini na miwili inanipa haki hiyo.

Jumamosi, 8 Machi
Wamekuja wote sita, na mama mkwe juu yake, aliyekuwa amekuja kumwona bintiye. Nilifunga mapazia. Jua likaingia hivyo hivyo. Nikabandika chonge kwa gundi ya kliniki, kipimo mara mbili, zisije zikadondoka katikati ya hotuba.
Hazikudondoka. Mdomo haukufungika.
Nikasimama. "Ndugu thangu, leo tunaithindikitha Thanda Nyeuthi..." Mate yakafika hadi kwenye koti la Popo. Mama mkwe akamuuliza mke wangu kama nimepata kiharusi. Popo akainuka na kurasa zake, akasema ataniokolea shughuli. Ataniokolea!
Ila kwanza tukafungulia muziki, na tulipofika wimbo wa mwisho, magitaa yakanyamaza. Yule mwimbaji wao anayenguruma hakunguruma. Aliimba kwa sauti yake ya kawaida, ya mtu aliyechoka, akimshukuru kila aliyewahi kumsikiliza peke yake chumbani. Mimi huyo! Mwaka ule tulipomzika kaka yangu, nisitake kuongea na mtu, niliongeleshwa na hawa tu.
Nikalia. Popo naye akalia, kurasa zikalowa, hakusoma hata mstari. Akanishika bega. Sikuweza kusema neno, kwa sababu mbili.
Mama mkwe akasema, "Si angeimba hivi tangu mwanzo?" Tukaurudia mara tatu, kwa ombi lake.

Jumapili, 9 Machi
Daktari kafungua kliniki siku ya mapumziko kwa ajili yangu. Kaning'oa chonge kwa koleo na maneno makali. Kasema mikono yangu haina kasoro, tatizo liko juu zaidi.
Kasifu mikono!

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari. Bendi imekufa kwa sababu mngurumaji kachoka. Mimi sijachoka! Nimewaandikia barua kujitolea kuchukua nafasi yake, na wimbo wa nne nimewarekebishia. Popo atapiga ngoma. Bado sijamwambia.
Asubuhi nimeomba likizo ya miezi mitatu, ya ziara. Daktari hakusita hata kidogo. Kasema nichukue hata mwaka, akanifungulia mlango mwenyewe.
Jinsi bosi yule anavyonithamini!