Salamu Kwanza, Kupaliwa Baadaye

Chuo kilitangaza mapinduzi ya elimu: huduma ya kwanza sasa ingefundishwa mtandaoni, kwa gumzo la maandishi, papo kwa papo. Ili hiyo papo kwa papo isikose adabu, Mkurugenzi alitoa mwongozo. Kila ujumbe uanze kwa salamu na cheo cha mwandikiwa, kisha usubiri Mkurugenzi mwenyewe abonyeze "Ruhusu".

Mwalimu alivumilia. Mwanafunzi akiuliza damu inazuiwaje, jibu lilimkuta kidonda kimeshakauka. Siku mwanafunzi mmoja alipompigia simu akilia kwamba bibi yake kapaliwa, Mwalimu akamwelekeza hapohapo kwa simu, bibi akapona. Akashtakiwa kwa kuokoa nje ya utaratibu. Akipatikana na hatia, adhabu ingekuwa kufukuzwa.

Shauri lilisikilizwa na wajumbe wa kamati ya nidhamu kwenye gumzo lilelile. Mwalimu alikaa mbele ya kompyuta jikoni, mama yake kando. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wote wawili.

"Omba msamaha, mwanangu," mama yake alisema. "Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Niombe msamaha kwa sababu bibi wa watu yu hai?"

Mara kioo kikaandika: *Ujumbe wa Mkurugenzi umekataliwa. Hauna salamu.* Kikarudia. Halafu ukapita mmoja: *Habari za asubuhi, Mwalimu wa Huduma ya Kwanza. Nimepaliwa na karanga.*

"Makubwa!" mama yake alisema.

Mwalimu alianza kuandika, "Shikamoo, Mheshimiwa Mkurugenzi..." Akaacha. Akanyakua simu, akampigia katibu muhtasi wa Mkurugenzi.

"Ingia ofisini kwa bosi! Mwinamishe, mpige mgongoni, katikati ya mabega. Kwa nguvu!"

"Jamani, bosi? Nguvu kiasi gani?"

"Zikumbuke likizo zote alizokunyima."

Simu ilileta vishindo vitano vya dhati, kikohozi, kisha mtu mzima akivuta pumzi kama aliyeibuka majini. Mwalimu akalegea kwenye kiti.

Kwenye gumzo Mkurugenzi aliandika, *Asante.* Ikakataliwa, haikuwa na salamu.

Wajumbe, ambao hawakuwa wameambiwa waache, waliendelea na shauri. Mshtakiwa ana la kusema?

Mwalimu aliandika taratibu, hakuruka hata cheo kimoja: *Shikamoo, Mheshimiwa Mkurugenzi. Nimerudia kosa sasa hivi. Naomba mwongozo: shauri lifutwe, au katibu akurudishie karanga ilipokuwa?*

"Ruhusu" ilibonyezwa, shauri likafutwa, kabla mama yake hajamaliza kucheka.