Mvua ya Ng'ombe wa Bi. Verna

Jumatatu, 4 Agosti

Mkutano wa asubuhi. Dk. Osterhaus, mkuu wa ofisi yetu ya tabianchi ya jimbo, ametangaza kwamba Bi. Verna Stuhmer hataki tena kituo chetu cha hali ya hewa malishoni mwake. Mkataba unakwisha Ijumaa. Asipotia saini tunang'oa nguzo, na eneo zima la Vilima vya Mchanga linabaki bila kipima mvua cha kuaminika. Ofisi nzima tuko watano. Bila wafugaji wanaotupa kipande cha ardhi, sisi ni watu watano wanaochungulia dirishani.

Mkuu akasema atamtuma Lowell Wiebe. Bila shaka! Wiebe wa meza ya pili, anayependwa na kila mwenye kituo kwa sababu hana haraka na hula kila anachopewa. Nikasimama, nikasema nitakwenda mimi. Sauti ilitoka kali kuliko nilivyokusudia. Mkuu akanitazama kama wingu asilolielewa, kisha akakubali.

Mpango: nitamshinda mama huyu kwa hoja. Nimetengeneza slaidi arobaini.

Jumanne, 5 Agosti

Safari ndefu. Huku madereva wakipishana husalimiana kwa kuinua kidole kimoja juu ya usukani. Nikaona kidole ni ubahili, nikapunga mkono mzima. Magari mawili yakasimama kuniuliza nimeharibikiwa na nini.

Bi. Verna ni mjane mrefu, kichwani kofia ya marehemu mumewe. Alikuwa ameniandalia maharage ya nyama na pilipili, na mkate wa mdalasini pembeni. Sikugusa. Nilifungua kompyuta kwanza. Kwenye slaidi ya tisa akaniuliza kama Wiebe anaumwa. Kisha akauliza kwa nini ramani yetu ya ukame imeipaka wilaya yake njano, kana kwamba ni ukavu mdogo tu, wakati bwawa lake limebaki tope. Nikamweleza kwamba ramani hutokana na makubaliano ya wadau wote.

"Mwanangu," akasema, "ng'ombe wangu hawali makubaliano."

Atafikiria, akasema. Wakati wa kutoka nikakuta lango la malisho liko wazi. Nikalifunga vizuri. Angalau adabu zangu hazina doa.

Jumatano, 6 Agosti

Mvua! Kituo cha Bi. Verna kimeandika mvua kubwa tangu alfajiri, na bado inaendelea. Moyo ulinidunda. Mbingu zenyewe ziko upande wangu. Wiebe akasema tungoje kidogo, rada haioni kitu. Wiebe hungoja, ndiyo maana hafiki popote. Nikawapigia wadau mmoja mmoja: maofisa ugani, watabiri wa serikali, redio ya wilaya. Redio ikatangaza saa sita mchana. Kisha nikampigia Bi. Verna kumpongeza.

Akaniuliza ni nani aliyefunga lango lake. Ng'ombe walikuwa upande wa kituo, birika lao la maji liko upande wa pili. Kwa kiu na hasira wameangusha uzio wetu mdogo, sasa wanajikuna kwenye nguzo ya kipima mvua. Kila wanapojikuna, kindoo cha ndani kinachopima maji kinapinduka na kutuandikia mvua.

"Majirani wananipigia kuuliza nimeomba dua gani," akasema. "Njooni mchukue chuma chenu."

Nikajifungia stoo ya vifaa, nikalia kidogo, kwa utaratibu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mkuu hakunifokea. Ingekuwa nafuu. Ofisa ugani wa wilaya alipiga simu kusema kwamba mvua ile ikibaki kwenye takwimu, ramani itazidi kupauka, kana kwamba ukame umeisha, na msaada wa majani makavu hautawafikia wafugaji. Nalijua hilo. Liko kwenye slaidi ya thelathini na moja.

Wiebe akashauri tuandike tu "hitilafu ya kifaa", kama ofisi zote zinavyoandika. Alinionea huruma, na nilitamani sana kuikubali. Nikakaa nayo hadi chai ikapoa. Lakini kifaa hakikukosea chochote. Kilihesabu kwa uaminifu kila mgongo uliojikuna. Nikawaandikia redio: lango nililifunga mimi, na mvua ilikuwa ya ng'ombe. Mtangazaji alisoma mara mbili. Ya kwanza alishindwa kumaliza kwa kucheka.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwenda na Wiebe kung'oa kituo. Yeye kwenye usukani, mimi na sururu mapajani. Tulikuwa tumeshaanza kuchimba Bi. Verna alipokuja na kutuambia tuache. Alisikia redio akiosha vyombo. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Hakuwa amecheka jikoni mle tangu amzike mumewe.

"Ofisi inayosema redioni kwamba imedanganywa na ng'ombe wangu," akasema, "siku ikiniambia mvua imenyesha, nitaamini."

Akatia saini juu ya boneti. Sharti moja: niwe nafika kila mwezi, na nile kwanza. Nilikula sahani mbili.

Njiani Wiebe akasema, "Umefanya vizuri, Tilda." Nilitafuta kejeli ndani ya maneno hayo mpaka tukafika mjini. Sikuiona.

Jumatatu, 11 Agosti

Mkuu amenikabidhi wadau wote wa magharibi mwa jimbo! Nimetafakari juma zima lililopita na siri ni dhahiri: redio. Watu wanapenda ofisi inayojitokeza kutangaza.

Na tazama bahati. Kituo cha familia ya Harms kinaonyesha sifuri ya upepo tangu Jumamosi. Sifuri kabisa, huku kwetu, ambako hata mazishini mtu hushikilia kofia. Upepo umekoma! Nimeshaongea na redio, nitakuwa hewani moja kwa moja saa sita. Wiebe sijamwambia. Atasema ni ndege amejenga kiota kwenye kipima upepo. Wiebe hana mawazo makubwa.