Kilo Ishirini na Moja Hadi Mgori

Jumatatu, 11 Julai 1994

Upepo mkali, baridi. Nimenunua shanta. Ya mitumba, kijani, ina fremu ya chuma chepesi na mikanda minane. Kazi ya mikanda sita naijua. Miwili bado naichunguza.

Sababu ya ununuzi ni Anuari, niliyemfundisha jiografia darasa la sita. Kwa kuwa biashara sasa zimeruhusiwa, amefungua ofisi ya kutembeza wageni. Anasema kuna Wazungu wanaotaka kwenda kwa miguu toka mjini hadi msitu wa Mgori, mizigo mgongoni, kwa hiari yao. Ajabu! Anahitaji kiongozi wa njia mmoja. Tumejitokeza wawili: mimi na Antipasi, bwana mifugo mstaafu. Anuari ameamua kwa adabu: atakayefika Mgori kwanza, kabla ya saa sita mchana Ijumaa, ndiye. Atatusubiri huko na pikapu.

Nimestaafu miaka mitatu. Tangu hapo hakuna mtu aliyeniuliza njia ya kwenda popote. Kazi hii lazima niipate.

Jumatano, 13 Julai

Kufunga mzigo. Blanketi mbili, sufuria, birika, chandarua, dira, atlasi (ile kubwa), kamba mita kumi, unga, maharage, viazi. Ziada mwenye duka amenipimia kwenye mizani yake ya mchele. Kilo ishirini na moja. Aliguna. Nilimweleza kuwa kilo tisa kati ya hizo ni chakula, na chakula huliwa, hivyo mzigo hupungua kadiri mtu anavyokwenda. Nitafika Mgori mwepesi kuliko nilivyotoka. Ziada alisema ndiyo mwalimu, akamgeukia mteja.

Hesabu: kilomita arobaini, kwa mwendo wa nne kwa saa. Saa kumi za kutembea kwa siku mbili. Rahisi. Mke wangu Emiliana aliuliza kama nimehesabu na salamu. Nilimweleza kwamba salamu si umbali.

Nimechungulia maandalizi ya Antipasi. Katambuga za matairi, mwavuli, chupa ya maji. Maskini.

Alhamisi, 14 Julai

Nimetoka nyumbani Mandewa, mjini, saa kumi na mbili asubuhi. Kufikia saa tatu, kilomita nane! Bega la kushoto limekufa ganzi. Jambo la kuvutia: la kulia halijafa. Nadhani ni atlasi.

Saa tatu na robo, sauti shambani: shikamoo mwalimu. Hezekia, wa darasa la mwaka 1971, sasa ana wajukuu. Nilieleza kwamba nina haraka. Alikubali kabisa kwamba nina haraka, akaniletea kiti. Kisha wakaanza kumkimbiza kuku. Sijawahi kutazama kuku akikimbizwa nikiwa na saa mkononi. Dakika thelathini na tano. Kupika, saa moja na nusu. Nilikula, maana mwalimu akikataa chakula cha mwanafunzi wake habari hufika mjini kabla yake. Wakati wa kuaga akanipa jogoo mzima, nimpelekee mama nyumbani. Nimemfunga kwenye mkanda wa saba. Kumbe ndiyo kazi yake.

Kilomita mbili mbele, Simoni, naye mwanafunzi wangu. Kuku wa pili, tumboni. Jogoo wa pili, mkanda wa nane.

Saa kumi jioni nilimwona Febronia uani kwake nikainamisha kofia. Huyu nilimchapa mwaka 1975 kwa kuchelewa namba ya asubuhi. Alisimama katikati ya njia.

“Mwalimu, ulinifundisha kuchelewa ni dharau,” alisema. “Na kupita bila kukaa je?”

Nilivua shanta. Nimelala kwake. Amenipa kibuyu cha asali na maboga mawili.

Jumla ya leo: kilomita kumi na tatu. Chakula nilichobeba hakijaguswa. Mzigo, kwa makadirio, kilo thelathini na moja.

Ijumaa, 15 Julai

Nimeondoka alfajiri, lakini Febronia alikuwa ameshachemsha uji.

Saa mbili, Antipasi akanipita. Katambuga, mwavuli, chupa. Nilitaka sana kujua anafanyaje, nikamfuata kwa macho. Kila ua aliopita, watu waliingia ndani. Hawajasahau miaka ile alipowaswaga na mbuzi wao kwenda kwenye josho la mifugo, na faini juu. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyempa hata maji. Bahati ya mtu huyo!

Alipokuwa akinipita alinitazama mimi, jogoo wawili, maboga na birika, akauliza, “Mwalimu, unahama?”

Nikaanza kumweleza kanuni ya mzigo unaopungua. Hakusubiri.

Baada yake niliitwa mara nne. Nimeingia Mgori saa kumi jioni, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, na jogoo wa tatu. Antipasi alikuwa amelala kwenye pikapu, kofia usoni. Anuari alinipa shikamoo kwa mikono miwili, nikajua tayari.

“Mwalimu, njia hii unaijua kuliko sisi wote,” alisema. “Lakini wageni wangu wana tiketi za kurudi kwao.”

Tumerudi mjini wote watatu. Antipasi aliomba asali kidogo. Nilimpa.

Jumapili, 17 Julai

Miguu kwenye maji ya chumvi. Emiliana amefurahi. Anasema nikisafiri tena nipite upande wenye vitunguu.

Nimetafakari kwa utulivu, na kosa nimeliona. Si mzigo. Si mwendo. Kosa ni kwamba watu walishtukizwa, ndiyo maana kuku walikimbizwa saa ya safari. Mwezi ujao nakwenda Kondoa kwa miguu, Anuari ajionee. Ziada amenitafutia shanta kubwa zaidi, mikanda kumi na miwili. Na leo nimewaandikia barua wanafunzi wangu wote wa njia hiyo, thelathini na mmoja, kila mmoja siku na saa nitakayopita mlangoni kwake.

Nimewasihi wasijisumbue.