Chupa ya Sukari Iliyowasha Taa

Leo nimepata aibu, jamani, na hasira bado haijanishuka.

Mnajua nafundisha kemia hapa Likasi mwaka wa tatu bila kuthibitishwa kazini. Leo inspekta wa shule alikuja kunisikiliza. Ripoti yake ndiyo ingeamua: nithibitishwe, ao niende kuuza makala, makaa ya kupikia, sokoni.

Maabara hatuna. Umeme umekatika tangu juzi (na bwawa la umeme la Mwadingusha liko pale tu, umeme wake unatupita juu ya vichwa kwenda kwa wengine). Nikaazima betri ya pikipiki kwa shemeji, taa ndogo ya tochi na nyaya mbili. Asubuhi nikajaza maji ya mvua katika chupa mbili, moja nikatia chumvi, nyingine sukari, nikaziandika majina. Nikaziacha mezani nikaenda kuoga. Nyumbani alibaki mama mkwe.

Darasani nikaeleza. Katika chumvi, sodiamu anatoa elektroni yake moja, klorini anaipokea. Kila mmoja anabaki na chaji, sasa anaitwa ioni, na chaji hizo ndizo zinawashikanisha. Ukitia chumvi katika maji, ioni zinaachana na kupitisha umeme. Sukari siyo hivyo. Atomi zake zinatumia elektroni kwa ushirika, hakuna aliyetoa wala aliyepokea, basi hakuna wa kubeba umeme. (Nilieleza vizuri sana, wacha nijisifu mwenyewe.)

Nikachovya nyaya katika chumvi. Taa ikawaka, wakapiga makofi. Nikapangusa nyaya, kichwa kimeshavimba.

"Hii ya sukari ikiwaka, miye naacha kazi."

Ikawaka.

Inspekta akavua miwani. Nikamgeukia Kapinga, yule msichana mtundu wa dawati la mbele, nikamwambia ni yeye aliyetia chumvi. Mtoto akaapa kwa Bikira Maria. Inspekta akachovya kidole, akaonja, akasema chumvi imo kweli. Nikasema basi wote watasikia kwamba chupa zilitoka kwangu salama! Nikampigia mama mkwe, simu nikaiweka kwenye spika (nani alinituma?).

"Mama, kuna muntu aligusa chupa zangu?"

"Ni miye, mwana. Nilichanganya yote mbili, kisha nikarudisha ku chupa. Chumvi na sukari, si ni dawa ya kuhara, vile wauguzi walitufundisha ku dispensaire? Nilikuona asubuhi unakimbia ku WC mara tatu. Umekunywa? Tumbo imetulia?"

Darasa zima likalala juu ya madawati kwa kucheka.

Mimi, naharisha? Mimi! Na inspekta mwenyewe amekaa pale anajifuta machozi. Nikamwomba Kapinga msamaha. Akasimama.

"Basi Madame, sukari haina kosa. Ni ioni za chumvi ndizo ziliwasha."

Inspekta akaacha kucheka, akamuuliza kwa nini. Mtoto akaeleza yote, sodiamu na klorini, nani alitoa na nani alipokea, na sukari na ushirika wake, bila kukwama hata mara moja. Inspekta akaandika kwa muda mrefu, kisha akanionyesha karatasi. Nimethibitishwa.

Lakini alipofika mlangoni alirudi, akanisogezea ile chupa.

"Maliza, Madame. Mama amehangaika."

Sasa nisisikie mtu anacheka hapa. Siharishi. Ilikuwa woga.