Wanywaji wa Kahawa Walioshindwa Kuruka

Redio ilitamka neno moja tu, athari, na benchi la Shangazi, muuza kahawa, likachafuka. "Watafiti wamegundua kahawa ina athari kwenye kumbukumbu," ilisema, kisha ikaingia kwenye tangazo la sabuni.

Breki, dereva wa lori, akatua kikombe kana kwamba kimemng'ata. "Mmesikia? Tunamalizwa huku tunacheka!"

"Athari si lazima iwe mbaya," alisema Shangazi, mkono ungali kwenye birika. Wateja wawili wa pembeni walikwisha kuinuka. Birika lile ndilo lililomsomeshea wanawe, na sasa alihisi kama linapoa lingali juu ya moto.

"Mnabishana nami nipo?" Darubini, mtu wa maabara, akachomoa kisomeo chake cha vitabu vya kielektroniki, kioo chake ukubwa wa kiganja. "Utafiti wenyewe huu hapa. Kioo kinanikatia ukurasa vipande vinne, lakini elimu haipimwi kwa rula. Natafsiri: 'Watu waliokunywa vikombe vitatu kwa siku...'" Akabonyeza. "'...walishindwa kuruka.'"

"Kuruka kwenda wapi?" aliuliza Breki.

"Sayansi haiulizwi wapi. 'Wengine walitaga mayai machache kuliko kawaida.'"

"Toba! Mimi nakunywa vinne!"

"Ndiyo maana hutagi," alidakia Pima, fundi cherehani.

Breki akasimama. "Shangazi, nakuheshimu, ila leo naondoka na akili zangu."

"Hizo hazihitaji lori, mwanangu, zitaenea mfukoni." Lakini akageuka upesi. "Darubini, baba, hebu soma tena."

Pima akachungulia begani kwa msomi. "Alaa! Ukurasa una safu mbili, kama gazeti. Wewe umetoka kipande cha juu kushoto, ukadandia cha juu kulia! Safu husomwa kwa kushuka, si kwa kuvuka. Umeshona mkono kwenye kola, ndugu yangu!"

Darubini akabonyeza, akashuka, akajikuna kisogo. "'Watu waliokunywa vikombe vitatu kwa siku... walikumbuka majina mengi kuliko wasiokunywa.'"

"Na waliotaga?" aliuliza Breki.

"Hao ni nzi. Jaribio la pili."

Benchi likaangua kicheko. Wale wawili wa pembeni wakarudi kukaa kimyakimya. Breki peke yake alibaki wima, hajui akae au aende. Shangazi akamjazia kikombe hadi ukingoni.

"Kaa, mwanangu. Nzi akishakunywa kahawa haruki. Ndivyo utafiti unavyosema."